Waya wa Hatua Sitini

Tuliachana ndoana ikiwa mkononi mwa Dada, na waya ukianza kukaza. Usifute macho, msomaji. Damu haijakauka.

"Fundi!" Dada alipiga ukelele. "Mfuate! Usiache waya ukaze!"

Mdogo wake hakuuliza kwa nini. Alivuta mafuta yote, mashine ikanguruma, mashua ikanyanyua pua kumfuata mtu ambaye mtu mwenye akili timamu angemkimbia.

Mtu huyo alikuwa mume wa Dada. Jina lake pwani nzima ya ziwa ni Timazi, kwa kuwa husimama wima kwenye mashua hata mawimbi yakiwa ya kutapisha. Saa mbili asubuhi hiyo wote walikuwa wanarambaza: mashua inakwenda polepole, mishipi inaburutwa nyuma, chambo cha mti kinaogelea kwa kuyumba kama kidagaa mgonjwa, na sangara mwenye tamaa anajiingiza mwenyewe.

Mishipi ya mashua mbili ikinasana, warambazaji wana adabu yao. Wote wanapunguza mwendo. Mmoja anauvuta mshipi wa mwenzake, anaufungua, anautupa majini, wanapungiana mikono. Hata watu waliotukaniana wazazi jana huitunza adabu hiyo.

Timazi alipita makusudi nyuma ya mashua ya ndugu hawa wawili. Mishipi ikanasana. Dada akauvuta wa mumewe, kwa adabu. Timazi akangoja mpaka chambo kilipofika mikononi mwa mkewe, ndipo akaongeza mwendo.

Ndoana ilikuwa ya meno matatu. Mawili yalizama chini ya kiwiko.

Sasa hesabu ni nyepesi, hata wewe usiyejua kuogelea utaifahamu. Mshipi wa Timazi ni waya wa chuma uliosukwa, kwa sababu sangara mkubwa hukata nailoni kama uzi wa kushonea. Una urefu wa hatua sitini. Mashua ya Timazi ikiwa mbele hatua hamsini, waya umelegea na Dada ni mzima. Ikifika sitini, Dada anaruka majini kama samaki, ila kwa kurudi nyuma.

"Koleo!" Dada alisema kwa meno yaliyofungana. "Leta koleo tukate."

"Limezama."

"Limezama vipi?"

"Uliponipigia ukelele, likaniponyoka."

"Fundi wa mashine huna koleo! Mama alizaa nini?"

"Dada, tutagombana baadaye."

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kwa nini Dada asiing'oe tu hiyo ndoana. Ndugu yangu, ndoana ya kurambaza ina vijino vinavyotazama nyuma. Vinaingia, havitoki. Jaribu kwenye kidole chako halafu uniandikie tena, kama utaweza kushika kalamu.

Dada alijaribu kisu. Kisu kiliteleza juu ya waya kikalia kama panya. Alijaribu kukifungua kifungo cha chambo. Timazi alikuwa amekisokota mara nane, kisha akakigonga kwa nyundo. Alikuwa amejiandaa.

Huko mbele Timazi aligeuza uso. Alikuwa anacheka.

"Mke wangu!" sauti yake ilipita juu ya maji. "Tangu nianze kuvua sijawahi kupata mkubwa kama wewe!"

"Njoo unipandishe basi, kama wewe mwanamume!"

"Haraka ya nini? Samaki mkubwa huchoshwa kwanza!"

Akavuta mafuta. Mashine yake ilikuwa ya nguvu arobaini, ya Fundi kumi na tano. Waya ulinyanyuka majini ukidondosha matone, ukanyooka, ukaimba. Dada alitupwa juu ya benchi, kifua kikagonga ukingo, miguu ikapoteza sakafu.

Fundi aliachia usukani akamdaka kiuno. Kwa kitambo kidogo alihisi uzito wa mashua nzima ukipita katika mkono wa dada yake. Nyama ilichanika. Dada hakulia. Alitukana, tena tusi ambalo gazeti hili halilichapishi.

Waya ukalegea. Timazi alikuwa amepunguza mwendo, makusudi.

"Anakuchezea," Fundi alisema akihema.

"Najua. Ndiyo uvuaji. Mimi ndiye niliyemfundisha." Dada alitema damu, alikuwa ameuma ulimi. "Unaziona zile mashua kule?"

Mashua tano au sita zilikuwa mbali, kila moja ikivuta mishipi yake. Watu wake walionekana wadogo kama kunguni.

"Wakituangalia kutoka kule wanaona mashua mbili zinarambaza," Dada aliendelea. "Nikizama, atakwenda kulia pwani. Ndoana imemchoma mke wangu, jamani, akavutwa majini, nimejaribu kumwokoa. Watampikia uji."

"Kwa nini akuue lakini? Kwa sababu umetoka nyumbani kwake?"

Dada aliinama. Alikuwa anaukusanya waya uliolegea, mikunjo juu ya mikunjo, akiuzungusha kwenye kigingi cha kufungia mashua. Wazo zuri! Kigingi kikishika, Timazi atakuwa anaburuta mashua na si mkono wa mtu.

"Zunguka mara tatu," Fundi alimhimiza. "Mara nne!"

Mara ya nne haikufika. Timazi aliona, akavuta mafuta. Waya ulikiuma kigingi, ukakata mti kama jibini, kigingi kikaruka na kumpiga Fundi shavuni. Meno mawili yalilegea. Aliyatoa kwa vidole akayatupa ziwani, maana hapakuwa na nafasi ya kuyaonea huruma.

Dada alikuwa ameanguka kifudifudi. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele yake, na chambo kiko palepale, chini ya macho yake. Kwa mara ya kwanza tangu kimuume, alikiangalia vizuri.

Kipande cha mti chenye urefu wa kiganja. Rangi nyekundu, tumbo jeupe. Jicho la kulia kichwa cha msumari, jicho la kushoto kichwa cha msumari uliopinda.

Dada aliacha kuhema.

"Fundi."

"Nini?"

"Hiki chambo ni cha Kaka."

Wanangu, hapa inabidi mjue jambo moja. Mrambazaji huchonga chambo chake mwenyewe. Hakiuzi, hakiazimi, hata mwanawe hampi. Kila mmoja anaamini mkono wake umeingia ndani ya mti ule, na ukimpa mwingine umempa riziki yako. Na kaka yao mkubwa, mrambazaji hodari kuliko wote ziwani, alipotea majuma matatu yaliyopita pamoja na mashua yake. Watu walikaa matanga, wakala, wakaondoka. Dada alikataa kulia. Alisema hajaona maiti.

"Haiwezekani," Fundi alisema. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Kuna vyambo vingi vyekundu."

"Msumari uliopinda nilimshikia mimi akigonga. Aligonga kidole changu kwanza." Dada alijiinua kwa goti. Alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Timazi! Mwizi wa maiti! Hiki chambo umekitoa wapi?"

Mashua ya mbele ilipunguza mwendo. Kisha jibu likaja, na ndilo lililomponza.

"Sangara wanakipenda! Ulitaka nikitupe?"

Unaona upumbavu wa mvuvi? Mtu ameficha mashua nzima. Ameficha mtu mzima wa kilo tisini. Kipande cha mti cha urefu wa kiganja kikamshinda, kwa kuwa kinavua.

"Sasa umejibiwa ulichoniuliza," Dada alimwambia mdogo wake. "Anajua siku moja ningekiona."

Timazi alikuwa amechoka mchezo. Alisimama wima, mkono mmoja kwenye usukani, akaigeuza mashua ghafla upande wa kushoto, kukatiza mbele yao. Nia yake ilikuwa kuuvuta waya kutoka ubavuni, ambako Dada hakuwa na kitu cha kushika. Mara hii angemmaliza.

Lakini alisahau anamvua nani.

Kila mrambazaji anajua kwamba mashua ikipinda, mshipi wa ndani ya kona hulegea na kuzama. Ndiyo maana hupinda kwa upole, kama mama mjamzito anavyogeuka kitandani. Timazi alipinda kwa hasira. Waya wote ukalala.

"Kata ndani!" Dada alipiga kelele. "Pita ndani ya kona! Mwingie tumboni!"

"Tutavunja mashua!"

"Ni ya nani, ya mama yako? Vunja!"

Fundi alikata ndani. Hatua arobaini. Ishirini. Timazi aliona pua ya mashua ikimjia ubavuni, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, hakusimama wima.

Mbao ziligongana kwa kishindo kilichowainua ndege majini. Timazi alianguka juu ya mapipa ya mafuta. Gurudumu la kuzungushia waya, chuma kitupu, kilo kumi na zaidi, liling'oka na parafujo zake likabingirika miguuni pake.

Dada aliruka. Msiniulize alirukaje akiwa na ndoana mkononi. Aliruka, akatua kwenye mashua ya mumewe kwa magoti, na kabla hajasimama alipigwa kafi la mgongo.

"Nyumbani kwangu unatoka bila ruhusa!" Timazi alinguruma. Kafi likapanda. "Na mashuani kwangu unaingia bila hodi!"

Kafi likashuka. Dada alijiviringisha, likavunjika sakafuni. Timazi alibaki na kipande chenye ncha. Alikichomeka. Kilimpata Dada pajani.

Fundi naye alikuwa amekwisha ruka. Alimrukia shemeji yake shingoni, wakaanguka pamoja katikati ya waya, samaki na damu. Fundi alipiga pua, pua ikavunjika. Timazi alimtia kidole jichoni. Fundi aliuma kidole hicho mpaka akasikia mfupa.

"Niachie, mbwa mdogo we!"

"Mbwa ni wewe, shemeji!"

"Shemeji" alisema, hata hapo. Malezi ni malezi.

Timazi alikuwa na nguvu kuliko wote wawili. Alimpiga Fundi kichwa cha uso, akamsukuma kwa goti, akasimama. Akaliinua lile gurudumu la chuma kwa mikono miwili, juu ya kichwa chake, waya ukining'inia kama matumbo. Chini yake Fundi alikuwa chali, hana pa kwenda.

"Familia yenu nzima nitaipeleka chini," Timazi alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayehesabu mayai.

Alikuwa amesimama katikati ya mikunjo ya waya. Mgeni wa wiki moja katika kazi hii hufundishwa asisimame hapo. Timazi alifanya kazi hii miaka kumi na minane.

Dada alikuwa ameona. Mkono wake mzima ulipapasa sakafu ukapata kulabu, ule mti wenye chuma kilichopinda kwa kupandishia samaki wakubwa. Hakuuinua. Hakuwa na nguvu za kuuinua. Aliupitisha chini, chapuchapu, akamnasa mumewe nyuma ya goti, akavuta.

Chuma kiliingia kwenye nyama laini. Timazi alilia sauti nyembamba isiyofanana naye. Goti likakunjika. Alikwenda nyuma, gurudumu likiwa kifuani kama mtoto, akapita juu ya ukingo, na ziwa likampokea.

Mikunjo mitatu ya waya ilimfuata, imejikaza kwenye buti lake.

Kisha mkono ukatokea majini, ukashika ukingo. Kichwa kikafuata, pua imepasuka, macho yamemtoka.

"Unanivuta mguu," alisema. "Chuma kinanivuta mguu. Nishike."

Dada alitambaa mpaka ukingoni. Uso kwa uso, kama wakati ule walipokuwa wanakula sahani moja.

"Kaka yuko wapi?"

"Nishike kwanza."

"Kaka yuko wapi, Timazi?"

"Yu hai." Maji yalimwingia mdomoni, akayatema. "Wallahi yu hai. Nilimwacha ana pumzi, na jana nimempelekea chakula."

Dada alimshika mkono. Vidole vyake vyote vitano vilimzunguka kifundo. Mwanamke aliyekuwa anauawa dakika mbili zilizopita alikuwa anamshikilia muuaji wake asizame.

"Wapi? Sema wapi!"

Timazi aliyageuza macho. Hakumtazama mkewe. Alitazama nyuma yake, pale Fundi alipokuwa anasimama, damu inamchuruzika kidevuni. Na msomaji, yule mtu aliyekuwa anazama alicheka.

"Shemeji," alisema. "Mwambie mwenyewe basi."

Fundi aliruka upande wa sanduku la vifaa. Mashua iliinama kwa uzito wake. Ukingo ulizama kidogo, maji yakaingia, na kifundo chenye damu kikateleza kutoka vidoleni mwa Dada.

Timazi alizama. Gurudumu lilikuwa linamvuta moja kwa moja chini, na waya ulikuwa unamfuata ukitoka mashuani kwa kasi, ukilia juu ya ukingo, mkunjo baada ya mkunjo. Mwisho mmoja wa waya ulikuwa mguuni mwa Timazi.

Mwisho wa pili ulikuwa mkononi mwa Dada.

Mkunjo wa mwisho ulitoka. Waya ukakaza. Dada alivutwa mpaka bega likapita ukingo, shavu likagusa maji, mkono wote ukazama. Maji yalikuwa mekundu. Fundi alimdaka kiuno kwa mkono mmoja, akakanyaga ubao kwa miguu miwili.

Katika mkono wake wa pili kulikuwa na koleo, koleo jipya la Timazi, limetoka sandukuni.

"Usikate!" Dada alipiga kelele.

"Utakufa!"

"Vuta! Nivute mimi, yeye atakuja! Anajua aliko Kaka!"

"Mkono unang'oka, Dada!"

"Ni wangu! Acha ung'oke! Usikate!"

Alikuwa ameuzungusha waya kwenye ngumi yake ili nyama isibebe peke yake. Alikuwa anavuta. Kwa mguu uliochomwa, kwa mkono uliochanika, alikuwa anamvuta juu mtu wa kilo themanini na chuma chake, shubiri moja, shubiri mbili, kama alivyowahi kuwapandisha sangara ambao wanaume walikuwa wamewakatia tamaa. Na waya ulikuwa unakuja. Naapa ulikuwa unakuja. Chini kule, ndani ya maji yenye damu, weupe wa kiganja ulianza kuonekana, vidole vikifunguka na kufunga.

"Namwona!" Dada alisema. "Fundi, namwona!"

Koleo lilibana. Chuma kililia mara moja, kidogo tu, kama jino linapovunjika.

Waya ulikatika.

Wote wawili walianguka chali sakafuni. Kile kiganja cheupe kilisimama kidogo, kana kwamba hakijaamini, kisha kikashuka, kikawa kidogo, kikawa hakuna. Mapovu yalipanda. Yalipanda kwa muda mrefu. Yalikoma.

Mashine ya Timazi bado ilikuwa inapiga, tratrata, haina habari.

"Nimekuokoa," Fundi alisema. "Ungekwenda naye, Dada. Uliona mwenyewe. Ungekwenda naye."

Dada alijiinua. Alikaa. Aliangalia mkono wake, chambo chekundu kimening'inia humo na kipande cha waya chenye urefu wa kidole. Kisha akamwangalia mdogo wake, yule ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, akamfundisha kuogelea, akamfunga vidonda vyote vya utotoni. Alimwangalia kama mtu asiyemjua.

"Alikuwa anakuja," alisema polepole. "Alikuwa amebakia hatua nne."

"Ningejuaje?"

"Waya umenivuta asubuhi nzima. Nimechanika, nimetukana, na hukuweza kuukata. Amekutaja mara moja tu, ukaukata."

"Dada..."

"Kaka yuko wapi, mdogo wangu?"

Fundi alifungua mdomo. Na jicho lake, lile lisilotiwa kidole, lilikimbia mara moja, haraka, kuelekea mwambao wa mashariki ambako hakuna mtu anayevua.

Dada aliliona. Aliinuka kwa mguu mmoja akaiokota kulabu.